Siku Ulipoufunga Ukurasa wa Waliopotea

Yaya Mwajuma, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu mambo yako yote uliyafanya mbele ya watu, mlango wazi, sauti juu. Wengi watakaosoma hawakukujua. Utanivumilia basi nikieleza vitu ambavyo wewe unavijua kunishinda.

Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa karibu na soko la Kalemie. Watu walikiita siberi. Kompyuta zilikuwa sita, dishi liko juu ya bati, na jenereta nyuma ya nyumba inanguruma kama mzee mwenye kifua kibovu. Papa, baba yetu, alikuwa ameuza vitenge maisha yake yote kati yetu na Kigoma, kama babu alivyouza chumvi. Alipoona umerudi kutoka masomoni ng'ambo ya ziwa na kompyuta badala ya bidhaa, alizunguka chumba mara mbili kisha akasema, "Mwajuma ameleta madirisha, nyumba ameiacha Kigoma." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulikuwa mtu wa kucheka, Yaya, na mtu wa kukasirika pia. Ulizigombeza mashine kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na zikizidi, kwa Kiholoholo cha bibi.

Nakumbuka asubuhi ile Mwalimu wa Kiingereza alipokuja kutayarisha masomo yake. Alifungua ile kamusi kubwa ya elimu zote ambayo watu wa dunia nzima wanaiandika bure, akakuta ukurasa mweusi. Akakuita.

"Mama Mwajuma, mashini yenu imekufa."

Ulikwenda, ukainama, ukasoma maneno machache meupe yaliyokuwa kwenye ule weusi. Ukanyooka polepole.

"Haijakufa, Mwalimu. Imegoma."

Tukakuzunguka wote. Ukatueleza kwamba huko Amerika kuna sheria inayotaka kupitishwa, wanasema ya kuzuia wizi wa nyimbo na filamu kwenye mtandao. Lakini kwa jinsi ilivyoandikwa, mtu mmoja akilalamika, ukurasa mzima unaweza kuzimwa kabla mwenyewe hajasikilizwa. Ndiyo maana wenye kurasa wameamua kujizima wenyewe siku moja, watu waone itakavyokuwa.

"Wanakataa kukamata wezi?" Mwalimu akauliza.

"Hapana. Mwizi akamatwe. Lakini usifunge daraja la Lukuga kwa sababu mwizi mmoja alipita juu yake. Na mwenye kupeleka mutoto ku hospitali atapitia wapi?"

Mimi nilidhani ni habari za mbali. Nilirudi kwenye kazi yangu, na nisiseme uongo, kazi yangu ilikuwa kunakili nyimbo. Vijana walileta simu zao, mimi nikajaza. Nyimbo nyingi zilikuwa za Papa Mulongo, yule mpiga gitaa wa mtaa wetu, ambaye hakutupa ruhusa wala hatukumwomba.

Kisha vita vikatusogelea. Kwenye vijiji vya bara, majirani waliokuwa wakiombana moto walianza kuchomeana nyumba. Watu wakaja mjini kwa miguu, wakajenga vibanda vya nyasi kule Katanika, na karibu kila mama aliyefika alikuwa amepungukiwa mtu. Watoto walikimbilia upande mmoja wa barabara na wazazi upande mwingine. Wengine walisikika Kabalo, wengine Kabimba, wengine hawakusikika.

Siku ya kwanza uliporudi kutoka Katanika hukula. Ulikaa mbele ya kompyuta ya pembeni, ukaanza kutengeneza ukurasa. Kila asubuhi ulipanda moto, pikipiki ya kukodi, ukaenda na kamera, ukarudi na sura na majina: huyu anatafuta, huyu anatafutwa, huyu mtoto yuko kwa mama fulani na hajui jina la kijiji chake. Watu wa Kabalo walifungua upande wao, wa Kigoma upande wao. Mara ya kwanza mtoto alipotambuliwa na mjomba wake, ulipiga vigelegele peke yako hadi wauza dagaa wakaja kuuliza nani ameolewa.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Ulikuwa Katanika siku ile. Aliingia bwana mmoja kutoka biro, ofisi ya mji ambayo sitaitaja, shati limepigwa pasi, na karatasi mkononi. Alisema mji unataka kupitisha amri ya kupambana na wizi wa mtandaoni. Wizi wa nyimbo, wizi wa filamu, wizi wa picha. Tangu hapo, picha yoyote itakayowekwa kwenye mtandao kutoka kwetu iwe na ruhusa ya maandishi ya mwenye sura. Ukurasa ukilalamikiwa, ufungwe kwanza, maneno yafuate. Wakuu wangekaa Alhamisi kuamua, na kama wenye vyumba vya kompyuta wameshakubali, hakutakuwa na majadiliano.

"Sini hapa," akasema. "Ao unapenda tuhesabu nyimbo zenye ziko mu hii mashini yako?"

Nikaona macho yake yanakwenda kwenye simu za vijana zilizopangwa mezani pangu. Nikasaini. Sahihi yangu ilikuwa ya kwanza kwenye ile karatasi, Yaya. Mstari wa kwanza kabisa.

Uliporudi nilikupa nakala. Ulisoma, ukairudia, ukaiweka mezani na kuilaza kwa kiganja, kama mtu anayelaza mtoto.

"Uliogopa?"

"Ndiyo, Yaya."

"Hata mimi ningeogopa. Basi tuogope pamoja, lakini tuko natumika kazi."

Hukuniambia neno lingine juu ya jambo lile, siku ile wala siku nyingine hadi kufa kwako. Nimeishi na watu wengi wenye kusamehe. Wengi wanasamehe kama wanaokupa risiti, uitunze. Wewe ulisamehe ukaendelea na kazi.

Kazi ya kwanza ilinishangaza. Nilidhani tutakwenda kwa wakuu, kumbe ulinipeleka kwa Papa Mulongo. Alikuwa uani kwake anafunga nyuzi za gitaa. Hakutukaribisha viti.

"Munafika kunililia?" akasema. "Ile karatasi mimi niliifurahia. Nyimbo yangu iko ku telefone ya kila muntu, hata ya mapolisi. Nani alikuja kuniambia asante? Nyinyi njo mulinimaliza."

Nikangoja ujibu. Ulikuwa fundi wa majibu. Lakini ulisema, "Papa, ni kweli. Tulikukosea." Ukamwambia kwamba kuanzia jioni ile hakuna wimbo wake utakaonakiliwa kwetu bila yeye kukubali, na kwamba hukuja kumwomba chochote. Tukaondoka. Njiani nilikuuliza kwa nini hukumwambia habari za ukurasa. Ulisema, "Ukienda kuomba radhi, nenda na radhi tu."

Nilifuta nyimbo zile zote mwenyewe. Vijana walinuna, wengine wakahamia kwingine. Ulijua watahama.

Halafu ulizunguka kwa wenye siberi wengine. Walikuwa watatu, na mmoja alikufukuza. Wawili walikubali kufunga siku moja pamoja nasi, Jumatano, kesho yake wakuu wakae. Nawe ukaandika maneno ya kuweka juu ya ule weusi: "Leo huwezi kumtafuta mtu wako hapa. Karatasi ile ikipita, itakuwa hivi kila siku."

Asubuhi ya Jumatano tuliuzima ukurasa. Hatujamaliza kunywa chai, akatokea mama mmoja wa Katanika, miguu yote vumbi, anamtafuta binti yake. Amesikia kwamba kwa Mwajuma kuna mahali pa kutazama sura za watoto. Nilikuona umebadilika rangi. Hapo ndipo nilipojua kwamba uliuogopa mgomo wako mwenyewe kuliko ulivyomwogopa bwana wa pasi.

Hukuufungua ukurasa. Uliingia ndani, ukatoa karatasi zote ulizokuwa umezichapa kama akiba, picha kwa picha, ukaanza kuzibandika kwenye ukuta wa barazani.

"Mama, kaa hapa. Mashini imefungwa. Mimi sikufungwa."

Ukamsomea majina moja moja. Wengine wakasimama kusikiliza: wauza dagaa, wanafunzi, mafundi wa baiskeli. Kufika saa nne baraza lilikuwa limejaa na watu wako hadi barabarani, kimya, wanatazama ukuta. Sijawahi kuona soko letu limenyamaza hivyo. Ndipo akaja polisi, mtu mzima, mnene kidogo, akapenya mpaka mbele.

"Hizi picha ziko na ruhusa?"

"Papa," ukamjibu bila kupandisha sauti, "huyu mutoto njo mwenye sura. Ukimuona umuulize. Na ukishamuuliza, utuletee yeye."

Mimi nilishika nguzo. Yule polisi aliutazama ukuta toka mwanzo hadi mwisho, akavua kofia. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Za upande wa Nyunzu ni zipi?"

Ukamshika mkono ukamwonyesha.

Binti wa yule mama hakuwamo ukutani siku ile. Naandika hivyo kwa sababu wanaosimulia habari zako wanapenda kusema alikuwamo. Ulimpiga picha yule mama, ukaandika kila alichokumbuka, na jioni ulipoufungua ukurasa tena, yeye ndiye aliyetangulia.

Alhamisi tulikwenda kwa wakuu. Tulikaa kwenye benchi la nyuma, wewe na joho lako jeusi la kwendea misiba, mimi na sahihi yangu ikisomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Ulinishika goti. Ulipopewa nafasi ulisema maneno machache, tena ulitetemeka, jambo ambalo watu wamelisahau. Ulisema mwizi wa wimbo anajulikana na mwenye wimbo anajulikana, waitwe wasikilizwe. Lakini mtoto aliyepotea hawezi kusaini, na aliyeuliwa mzazi hana wa kumsainia. Bwana wa pasi akasema sheria haina macho ya huruma. Kwamba wasanii wa mji huu wanalia, na amri hii ni kwa ajili yao.

Mlangoni mtu akakohoa. Alikuwa Papa Mulongo, gitaa begani.

"Munasema wasanii," akasema. "Mimi njo musanii. Huyu mama alifika kwangu, aliniomba musamaha, nyimbo yangu alizitosha mu mashini, hazimo tena, mutoto wangu alienda kuangalia, ni kweli. Ninyi munatumia jina langu, hamukukuja hata siku moja kunisalimia. Mimi nililia juu ya nyimbo yangu. Sikuwaambia mufunge sura ya batoto."

Akakaa. Hakukutazama, wala wewe hukumtazama. Mnajuana wenyewe.

Ile amri haikufutwa mbele yetu. Wakubwa hawafuti vitu mbele ya watu. Walisema itaangaliwa tena, na haikuonekana tena. Miezi mingine Leta, yaani serikali, ilizima mtandao nchi nzima, hatukuweza kitu, nawe ukabandika karatasi ukutani na kusoma majina kwa mdomo hadi mtandao uliporudi. Sikukusikia ukijisifu. Ulilalamika tu kwamba gundi inaharibu rangi ya ukuta.

Homa iliyokuchukua ilikuwa ya siku tano. Tulikuzika mchana, baada ya sala ya adhuhuri, na watu wa Katanika walikuja kwa miguu. Waislamu na Wakristo, Baluba na Batwa, watu ambao miaka ile hawakuweza kupita njia moja, walipokezana jeneza lako. Papa Mulongo alikuja bila gitaa.

Mimi sasa nimekupita umri. Ni ajabu kuwa mkubwa kuliko yaya wako. Nashika chumba, nashika ukurasa, mashine nazigombeza pia, ingawa Kiholoholo changu hakifiki. Siku nyingine ninachoka na watu, nikikumbuka ulivyokuwa unamwinulia kila anayeingia uso mpya kama ndiye wa kwanza. Sijaweza hilo. Najaribu.

Lakini nilikaa kukuandikia kwa sababu ya jambo la juzi. Kijana mmoja aliniandikia kutoka Kabalo. Anasema alipokuwa mdogo picha yake iliwekwa kwetu, shangazi yake akaiona, akaja kumchukua. Sasa anasoma, minerval, ada ya shule, analipiwa na huyo shangazi, na wenzake wa darasa wameikuta picha ile: mtoto amekonda, shati la mtu mzima, chini imeandikwa hajulikani ni wa nani. Anaomba kwa heshima niitoe. "Mimi najulikana ni wa nani," ameandika. Chini ameweka jina lake lote, na sahihi.

Yaya, nilisoma sahihi ile mara nyingi sana. Picha nimeitoa. Kisha nilitoka barazani nikapiga vigelegele peke yangu, na wauza dagaa wakaja kuuliza.

Lala kwa amani, mkubwa wangu. Kazi inaendelea, na woga wangu uko nami pale pale kazini.

Mdogo wako wa tumbo moja