Kitambaa Nilichomvua Mtani Wangu

Jumamosi, jioni. Isevya.

Mvua imeanza saa nane na haijakata, ile nyembamba isiyo na haraka. Nimekaa kitandani na gauni la sare ya sherehe, la kijani, wala sijalivua. Chai imepoa mezani. Sina hamu nayo.

Leo nimemdanganya mjane.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea. Wiki mbili zilizopita tulikwenda walimu sita wa shule yetu kulala kwenye mahema karibu na pango, kijiji kimoja upande wa Usinge. Wanakijiji wamelifungua kwa wageni juzijuzi tu. Wamefyeka njia, wamefunga kamba ya kushikilia kwenye mteremko, na wametenga uwanja wa mahema kwenye miti ya miombo. Anayeongoza wageni ni mama mmoja wa makamo, Mama Kabula, mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani. Nilidhani kile kitambaa ni sare ya kazi.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila. Niliposema Mgogo alipiga makofi. "Ehee, mtani wangu huyo! Umekuja mikono mitupu, kama kawaida yenu?" Nikamjibu kwamba afadhali sisi, maana babu zao Wanyamwezi walitembea hadi pwani na mizigo ya watu kichwani, wakarudi na shingo fupi. Alicheka sana. Nilijiona hodari. Shuleni wananiita Mtani kwa sababu ya mdomo huu huu.

Pangoni mnaingia bila viatu, na mlangoni mnapiga makofi taratibu kuwasalimu wa zamani, kwa sababu babu zake Mama Kabula walijificha humo enzi za misafara ya watumwa, watu walipokuwa wakikamatwa njiani. Alitusimulia haya tukiwa ndani, tochi za simu zikimulika mwamba. Sikusikia hata nusu yake. Mahali palikuwa pamebana, popo walipita usoni, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja, nilipiga kelele nikaita mama. Nilimng'ang'ania Mama Kabula kiunoni. Alinishika mkono akanitoa nje polepole, akisema, "Taratibu, mwanangu, taratibu, mwanga ule pale."

Nje walinicheka. Mwalimu Asha, rafiki yangu, aliigiza sauti yangu mbele ya akina mama wanaouza asali mlangoni. Niliona aibu, na aibu yangu ikatafuta wa kumshukia. Basi nikamgeukia yule aliyenitoa. Nilimvua kile kitambaa kichwani, nikakizungusha hewani nikasema nimekiteka, hakirudi mpaka kikombolewe kwa jogoo. Mtani ana haki hiyo, anachukua kitu na mwenyewe hakasiriki.

Akina mama wa asali waliinuka wote.

Mama Kabula alishika kichwa chake kilichonyolewa. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka. Ndipo aliponiambia. Mume wake alikuwa amezikwa mwezi huo huo. Kitambaa kile ni cha msiba, na kwao anayekivua ni mtani, siku ya kuanua tanga, baada ya kufagia uwanja. "Basi umeniwahi," alisema. "Nilikuwa nawaza nitampata wapi Mgogo huku porini. Kaa nacho. Jumamosi ya arobaini ukilete, ufagie, tukichome, nami niwe nimemaliza."

Nikasema nitakuja. Niliapa mbele ya watu, nikamwachia namba ya simu na mtaa ninaokaa.

Jioni ile, jua halijazama, alikuja kwenye mahema na jogoo mwekundu, kamfunga miguu kwa kamba ya katani. Tulimla na uyoga aliotuchumia mwenyewe. Alikaa nasi kidogo, kitambaa kingine chakavu kichwani, akasema tangu msiba hajacheka kama alivyocheka mchana ule. Wenzangu walinisifu. Nami nilizipokea sifa zao na paja la kuku.

Hakuna aliyenikasirikia, na hilo ndilo linalonitafuna. Yeye hakuwa na ruhusa ya kukasirika, na mimi nilijua. Nilijificha nyuma ya utani kama mtoto anavyojificha nyuma ya kanga ya mama yake.

Nami utani naufahamu vizuri. Baba alipofariki, jirani yetu Mnyamwezi alijilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kuku, hata mama akacheka katikati ya kilio. Lakini mzee yule yule aliteka maji siku tatu, akachanja kuni, akaosha masufuria ya matanga yetu yote. Mimi nimejifunza ile nusu ya kaburini. Nusu ya masufuria sikuitaka.

Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe. Kitambaa nilikifua tangu Jumanne, nikakipiga pasi. Halafu ikaja sherehe ya kumuaga binti wa mwalimu mwenzetu, na sare nilishashona. Nikajiambia njia ina matope. Nikajiambia mambo ya pangoni si ya Mkristo, mimi ambaye sijaenda kanisani Jumapili tatu. Ukweli ni kwamba niliona haya kufagia uwanja wa watu wa kijijini nikiwa mwalimu mzima. Nikaenda kucheza muziki.

Saa kumi simu iliita. Ni yeye. Nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Mtani, tumekungoja mpaka jua limepinda. Chakula chako tumekifunika. Umekwama wapi?"

Nikamwambia naumwa. Nikaongeza kikohozi. Niliongeza kikohozi, Mungu wangu, nikiwa nimesimama nje ya ukumbi, kiganja kimeziba simu ili asisikie ngoma.

Hakuulizia kitambaa. Hakusema kwamba uwanja haujafagiwa, kwamba watu waliotoka mbali watarudi makwao na yeye bado ni mfiwa. Alisema tu, "Pole, mwanangu. Unakaa peke yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Hapana, haiwezekani mgonjwa akae peke yake. Nakuja na basi la alfajiri. Nitakuletea asali na kuku wa mchuzi." Simu ikakatika.

Nimempigia mara nne tangu nirudi. Haipatikani. Huwa anaichaji dukani, na duka litakuwa limefungwa kwa mvua hii.

Nimewaza kwenda kujificha kwa Asha, niseme nilikimbizwa hospitali. Nimewaza kujifunika blanketi na kukata limau niweke kando ya kitanda. Naandika haya hapa yasomwe na yeyote, ili kesho nisipate pa kukimbilia.

Atashuka stendi mchana, atauliza njia, atakuja na tope miguuni na kuku mkononi, kumuuguza mtu asiyeumwa. Atabisha hodi. Nitainuka kwa miguu yangu mwenyewe nimfungulie, aone jinsi nilivyo mzima.