Banda la Mbwa Lenye Mkuku

Mpendwa Baba,

Asalaam alaikum huko uliko. Mama amenipa mpaka Ijumaa: ama nimjengee mbwa wangu banda la nje, ama mimi na mbwa wangu tutafute baraza nyingine. Eti manyoya yamefika hadi kwenye msala wake. Sasa kila nikisimama uani hapa kwetu Kasingirima, kando ya ziwa, kutafuta pa kuliweka hilo banda, nakuona wewe na randa yako, nacheka peke yangu mpaka Mama ananiuliza nimeingiwa na nini.

Unamkumbuka yule mbwa, Komanda. Ni miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kila siku kukimbia vita. Kalume, mvuvi wa ng'ambo, alifika na wavu uliochanika na mbwa mwekundu mwenye sikio moja. Mbwa alikuwa wa mkewe, na mkewe alikuwa amebaki huko, kaburini. Siku ya kupelekwa kambini Kalume alikuja kwetu akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Mzee, kule kambini wanamukataza. Na huyu anaogopa mvua kuliko bunduki."

Wewe, uliyekuwa ukimrushia mawe kila mbwa aliyekatiza uani, ukajibu, "Nenda, bwana. Utamkuta mkavu."

Mkavu! Na mvua zilikuwa zimeshakaribia. Mama akakuuliza, "Mkavu wapi, Baba Zuhura? Chumbani kwangu?"

Kwanza ulimletea pipa la mafuta, ukalilaza ubavu. Kufika mchana bati lilikuwa linaunguza, Komanda akatoka humo ulimi nje, akaenda kujilaza kwenye majivu ya jikoni. Ukasema mbwa huyu ana madeko. Mama akakwambia, basi ingia wewe kwanza tuone.

Ndipo ukaamua kufanya kazi unayoijua. Baba, watu hujenga banda la mbwa kwa mabaki ya mbao na bati chakavu. Wewe, fundi boti, ulilijenga kwa mninga, ukalitia mataruma, zile mbavu za boti, ukashindilia pamba kwenye kila mwanya na kupaka lami juu yake, kama chombo cha kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Ukaweka na mkuku! Ule uti wa mgongo wa boti, chini ya banda la mbwa, kwenye nchi kavu! Komanda akijikuna tu, nyumba yake nzima inayumba. Mlango nao ukauelekeza ziwani, kwa sababu kila ulichowahi kujenga kilitazama ziwa. Majirani walikuwa wakija kuuliza linashushwa majini lini.

Mvua ya kwanza ikaja na upepo wa ziwani, ikaingia mlangoni moja kwa moja. Na kwa kuwa kazi yako haikuwahi kuvuja hata tone, maji yakakaa humo humo, nyuma ya kizingiti ulichokiinua kama ubavu wa boti. Asubuhi tulimkuta Komanda amesimama ndani, maji kifuani, anatetemeka, hata kubweka hawezi. Sijawahi kukuona umenywea vile. "Nimempa mtu neno langu," ulisema, ukimfuta kwa shuka yako mwenyewe. Mama, asiyetaka hata kivuli cha mbwa kimguse, ndiye aliyekoroga uji.

"Toboa chini," akasema akiwa bado ameshika mwiko. "Mbwa si samaki."

Ulimtazama kana kwamba amekutukana. Maisha yako yote hukuwahi kutoboa chombo kwa makusudi. Ulifunga geti kwanza, maana nani ataagiza boti kwa fundi aliyeonekana anazitoboa? Kila tundu ulilisindikiza kwa astaghfirullah. Kisha ukang'oa mkuku, ukaliinua banda juu ya mawe, likalipa ziwa mgongo, kwenye kivuli cha ukuta wa jiko. Komanda alikohoa siku kadhaa, nawe kila mvua ikinyesha ulitoka kwenda kupapasa sakafu yake. Mpaka akapona, na akaanza kunenepa.

Watu walipoanza kurudi kwao, Kalume akaja kumchukua. Alimkuta mkavu. Akalizunguka lile banda, akachungulia chini.

"Mzee, hii ni boti?"

"Ilikuwa," ukajibu kwa uchungu.

Tuliwasindikiza hadi ufukweni. Kabla hawajapanda boti uliinama, ukamshika Komanda lile sikio lake moja. "Huko mambo yakiharibika, rudi. Usione haya. Pako papo." Ulikuwa unamwambia mbwa, lakini Kalume ndiye aliyeitika.

"Tumesikia, Mzee."

Ulipogeuka ukadai moshi wa mashine umekuingia machoni. Mashine ilikuwa bado haijawashwa.

Nimekukumbuka mno, Baba. Hukuwahi kumwambia mtu neno tamu uso kwa uso, hata sisi wanao. Ulilipitishia kwa mbuzi, kwa kuku, kwa mbwa wa watu. Siku hizi nami nakaa uani jioni, namwambia huyu wangu yote niliyotaka kukwambia wewe. Ananisikiliza vizuri. Mama nilidhani atanicheka. Juzi alipita na beseni lake, akasimama kidogo, akasema, "Mwambie baba yako na mimi namsalimu."

Mungu akurehemu.

Ni mimi, binti yako,
Zuhura