Sufuria Uliyoileta Kwamndolwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, ingawa najua huitikii tena.

Tulikuwa wake wenza, wewe Handeni na mimi hapa Kwamndolwa, na tulisalimiana misibani tu. Mume wetu alipogundulika ana ugonjwa wa figo, mtaalamu wa lishe alituita sote wawili: chumvi kidogo mno, maharage kwa kipimo, mboga zichemshwe na maji yake yamwagwe. Tukaitikia, kila mmoja akarudi kwake.

Miguu yake haikuacha kuvimba. Nikimnyima ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi, ananiambia, "Mwenzio ananipa, tena wa chumvi iliyokolea. Yeye ana huruma." Nikawa nakuwaza vibaya: huyu anamuua mume ili apendwe. Sikujua kuwa nawe unaambiwa hayo hayo juu yangu.

Ndipo ukaja. Ulishuka kwenye basi na sufuria umeifunga kwa kanga, ukapiga hodi, ukakataa kiti.

"Onja," ukaniambia.

Nikaonja mchicha. Haukuwa na chumvi. Nikafunua chungu changu. "Onja na wewe, dada."

Ukaonja, ukanitazama, kisha ukacheka mpaka ukakaa sakafuni. "Sasa huyu mzee ng'onda anawala wapi?"

Tulimtafuta, tukamkuta mgahawani, Korogwe ya Zamani, miiba ya samaki imejaa sahanini. Ulivuta kiti, nami nikavuta changu. Hukupaza sauti. "Baba Saidi, sisi hatujawa tayari kuwa wajane."

Akanawa mikono, akatufuata nyumbani.

Jioni ile ulinifundisha kukaanga kitunguu saumu mpaka kinukie, na kukamulia ndimu mboga ikishaepuliwa, ili ulimi usiiulizie chumvi. Tangu hapo akihama nyumba, ladha haihami.

Kisha ukaugua siku chache tu, ukaondoka wewe uliyekuwa mzima.

Yeye bado yupo. Miguu imepungua, na daktari anasema figo hazijazidi kuharibika. Anakula bila kunung'unika, ila siku nyingine tonge hubaki mkononi akitazama mlangoni. Simuulizi anamuwaza nani.

Juzi jirani alimleta mama yake, naye ana ugonjwa wa figo, nimwelekeze upishi. Yule mama akataka kujua nimejifunza kwa nani. Nikamwambia, kwa mke mwenzangu.

"Tangu lini wake wenza wakafundishana kupika?"

"Yule alikuwa ndugu yangu," nikamjibu. Sikuwahi kulitamka neno hilo. Ulipaswa kulisikia wewe kwanza.

Pumzika, dada. Mzee namtunza.

Mdogo wako wa Kwamndolwa