Sahihi ya Aliyekaa Eda

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eufrazia Kokushubila
Umri: Miaka 69
Kazi: Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjumbe wa Kamati ya Mtaa
Makazi: Mtaa wa Kisima Kipya, Temeke, Dar es Salaam
Tarehe na saa: Jumatano, 4 Juni 2025, saa 3:20 asubuhi

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, na nimemwomba askari anayeandika asiyabadilishe maneno yangu.

Mtaa wetu una eneo moja tu la wazi. Tunaliita Uwanja wa Turubai, kwa kuwa nyumba zetu zimebanana na kila aliyefiwa hufunga turubai lake hapo. Mume wangu aliagwa hapo. Mnamo tarehe 9 Aprili 2025 jirani yangu, Mzee Mazin, aliswaliwa hapo. Mjane wake, Mwamvita, aliingia eda siku hiyohiyo. Mimi ni Mkristo, lakini nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita na ninajua kwamba mjane aliye edani hatoki kwenda mikutanoni.

Mnamo tarehe 3 Mei, saa 2 asubuhi, nilimwona Mwenyekiti wa Mtaa, Wilbert, uwanjani pamoja na wanaume wawili wenye futi kamba. Wilbert nilimfundisha darasa la tano. Nilimuuliza wanapima nini. Alinijibu, "Shikamoo, Mwalimu. Mtaro wa maji ya mvua huo." Mtaro hupita kando ya barabara. Wao walikuwa wakipima katikati.

Mnamo tarehe 6 Mei, saa 11 jioni, Wilbert alikuja nyumbani kwangu na karatasi iliyopigwa mistari, yenye namba, jina, simu na sahihi. Haikuwa na kichwa. Nilimuuliza ni ya nini.

"Dawa ya mbu, Mwalimu. Watu wa afya wanataka jina moja kila nyumba."

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Kitachapwa ofisini. Yaani mpaka leo unanisahihisha tu?"

Tulicheka. Nilitia sahihi namba 18. Kwa miaka thelathini na minane niliwafundisha watoto kwamba karatasi huandikwa kichwa kwanza, na yeye alikuwa mmoja wao.

Kisha aliniambia, "Kwa Mama Mwamvita mie siwezi kuvuka pazia, yuko eda. Nisaidie, Mwalimu, uingie nayo." Moyoni nilimsifu kwa adabu yake. Niliichukua karatasi, nikaingia. Mwamvita alikuwa ameketi mkekani. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe umetia?" Nilisema nimetia. Akasema, "Basi nipe kalamu." Hakuisoma. Sahihi yake ni namba 19.

Tarehe 10 Mei ilikuwa Jumamosi. Kwetu mkutano wa mtaa hutangazwa kwa kipaza sauti siku mbili kabla. Hapakutangazwa kitu. Siku hiyo nilishinda kwa Mwamvita tangu saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa sababu shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda. Hakuna kati yetu aliyetoka.

Mnamo tarehe 27 Mei lori lilishusha nguzo na mabati uwanjani.

Mnamo tarehe 1 Juni, saa 7 mchana, nilikuwa nimetoka kanisani. Mwanakombo, dada wa marehemu Mazin, alinikuta mlangoni. Hakunisalimu. Alisema, "Wewe si ndiye mjumbe? Hebu niambie, wifi yangu kaenda mkutanoni kutafuta nini, na kaka yangu hata arobaini haikuwa imefika? Au kashapata wa kumsindikiza?"

Nilikwenda kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Ukurasa wa kwanza wa muhtasari uliobandikwa hapo ulieleza kwamba Mkutano Mkuu wa tarehe 10 Mei, saa 10 jioni, uliridhia Uwanja wa Turubai uwe yadi ya malori na makontena. Ukurasa wa pili ulikuwa ile karatasi yetu. Juu yake palikuwa pamechapwa: Orodha ya Mahudhurio.

Mnamo tarehe 2 Juni, saa 3 asubuhi, nilimfuata Wilbert ofisini. Nilimwambia mkutano huo haukuwapo.

Alisema, "Mwalimu, hizo sahihi nimeghushi ya nani? Yako hiyo. Ya mama hiyo."

"Mwamvita yumo edani. Wewe mwenyewe ulisimama nje ya pazia."

Alisema kwa sauti ya chini, "Haya, kaseme. Ila useme pia ni nani aliyempelekea kalamu."

Ninasema. Ni mimi.

Uzio umekwisha kufika pande tatu za uwanja. Ijumaa hii ndugu wa marehemu watakaa kumjadili Mwamvita. Yeye hatafika kituoni, kwa sababu eda yake itaisha katikati ya Agosti, na akitoka leo kuja kujitetea, atakuwa amewathibitishia wanayoyasema. Ninaomba askari wa kike aende kwake.

Hapa ndipo yanapoishia maelezo yangu. Nimeyasoma mwenyewe, kuanzia kichwa.

Sahihi ya shahidi: E. Kokushubila

Maelezo ya askari: Shahidi alikataa kutia sahihi mpaka nafasi tupu iliyobaki chini ya ukurasa ipigwe mstari. Nimeipiga mbele yake. Kwa vile mimi ni askari wa kike, nitakwenda mwenyewe kwa Mwamvita leo saa 9 alasiri. Shahidi ameomba anisindikize hadi ndani. Nimemkatalia, kwa kuwa ndiye aliyeingia na ile karatasi. Alisema nimefanya vyema, akabaki amekaa kwenye benchi.

Koplo Tupokigwe
Saa 4:45 asubuhi