Mtaala wa Baba, Mtaala wa Mama

Alhamisi, jioni. Mvua imekataa tena. Mashine za karasha za jirani zimesaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, na vumbi limetua mpaka kwenye maziwa. Nimechoka uchovu ambao hata nikilala hautaondoka.

Leo mume wangu ameamua, nami nimenyamaza. Naandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujidanganya.

Tulimtoa Bhoke shuleni mwaka jana. Ndiye mtoto wetu pekee, ana miaka minane. Hapa Nyamongo kila mtu anatafuta dhahabu, watoto nao wamo. Wenzake wengi darasani walikuwa wanatoroka kwenda kuosha mchanga. Siku moja akarudi nyumbani amefumba kiganja. Alipokifumbua, kitone cha zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, kikawa kinatembea humo, kinang'aa, naye anacheka. Amepewa na rafiki yake. Baba Bhoke alimshika mkono akamwosha kwa sabuni, akarudia na kurudia, mpaka mtoto akalia. Jioni ile tulikubaliana: atasoma nyumbani, na atasoma katika njia ya Bwana.

Hatujakubaliana jambo lingine tangu siku hiyo.

Yeye anautaka mtaala anaoutumia dada yake anayekaa Isebania, upande wa Kenya. Ni vijitabu vya Kiingereza. Kila somo lina mstari wa Biblia, na mtoto anajisomea mwenyewe na kujaza majibu. Krismasi tulikwenda huko, watoto wa wifi yangu wakasimama mmoja mmoja wakakariri Zaburi kwa Kiingereza bila kukwama. Nilimtazama mume wangu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Yeye aliacha shule darasa la tano akaingia mashimoni kuchimba dhahabu, na mpaka leo mgeni akimsemesha Kiingereza hutabasamu tu na kuangalia viatu vyake.

Mimi nilifundisha shule ya msingi huko kwetu Mbalibali kabla ya kuolewa. Nautaka mtaala wa Kiswahili ulioandaliwa na walimu fulani Wakristo wa Musoma. Unafuata masomo ya serikali, ili siku ya mtihani wa darasa la saba Bhoke asikae akiishangaa karatasi. Hadithi za Biblia mtoto anazisimulia kwa maneno yake mwenyewe, hakaririshwi. Nilimwambia mume wangu kwamba Neno asilolielewa mtoto ni kelele tu masikioni mwake.

"Mama Bhoke," akanijibu, "wewe umeshasoma. Ni rahisi kwako kukidharau Kiingereza."

 

Basi tukafanya yote mawili. Asubuhi vitabu vyangu, na mchana, yeye akirudi kutoka kazini, vitabu vyake. Hukaa kando ya mtoto akifuatisha mistari kwa kidole, hajui kinachosomwa, na wakati wa kusahihisha huangalia majibu kurasa za mwisho. Mimi niko jikoni nasonga ugali. Wakitamka neno vibaya, nalisahihisha kwa sauti kutoka huko huko. Najua linamchoma. Nalisahihisha hivyo hivyo.

Bhoke alikuwa msemaji, mpaka majirani walimtania kwamba atakuwa mchungaji. Siku hizi ukimuuliza saba na sita ni ngapi, anakutazama wewe usoni, kisha anamtazama baba yake, halafu ananong'ona.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yake ya kuomba kabla ya chai. Akafumba macho.

"Mungu, asante kwa chai. Umbariki baba, umbariki mama. Uwasaidie wasinifundishe tena. Kwa jina la Yesu, amina."

Tukaitikia amina. Wote wawili, kwa mazoea.

Laiti tungeishia kwenye amina hiyo. Labda ningelia, labda na mume wangu angelia, na mtoto angeona kwamba tumemsikia. Lakini nilifungua mdomo.

"Umesikia? Ni vijitabu vyako hivyo."

"Vyangu?" akasema. "Anakuogopa wewe na chaki yako."

Tukaendelea pale pale mbele yake. Chai ikapoa. Kila mmoja aliivuta sala ile upande wake, na aliyeomba ameinamisha kichwa katikati yetu.

Mume wangu ndiye aliyechoka kwanza. Akaongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nitampeleka kwa dada yangu. Jumamosi."

Nilikuwa na maneno mengi. Kwamba bado ni mdogo. Kwamba akianza masomo ya huko, ya huku ndiyo basi. Kwamba sina mwingine. Lakini kila nilipotaka kusema, nilijiuliza nitampa nini badala yake. Shule ile, na michanga inayooshwa kando yake? Meza hii yetu? Sikuona.

Sikusema hapana.

Nikaona afadhali nimwambie Bhoke mimi mwenyewe. Alikuwa nyuma ya nyumba anawamwagia kuku mtama. Nilidhani atalia. Nikiri tu: nilitaka alie.

"Mama, kwa shangazi kuna watoto wengine?"

"Wapo."

"Wanasoma pamoja?"

"Wanasoma pamoja."

Akamaliza mtama, akapangusa mikono kwenye gauni, akaingia ndani. Nilipomfuata nikamkuta anakunja nguo zake kitandani, moja juu ya nyingine, vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Hakuniuliza atarudi lini.

Baba yake ametoka, sijui ameenda wapi. Sikumuuliza.

Nimekaa hapa na swali moja tu. Kama angelia, ningempigania? Au nilikuwa nangoja mtoto wa miaka minane aseme ile hapana iliyonishinda mimi?