Nyumba kwa Kichwa Kimoja

Jumatatu, 6 Oktoba
Ndoo imejaa tena. Nimeimwaga, nimeirudisha palepale juu ya ngazi, chini ya tundu. Mvua ya Brussels haina haya. Fundi wa paa ametaja bei yake, Baba Salma akamshukuru na kumsindikiza mlangoni kama mgeni wa Idi. Hela hizo hatuna. Pensheni zetu mbili zinaishia kwenye gesi na soko.

Binti yetu Salma kapiga simu kutoka Kanada. Anasema huko wazee wanachukua mkopo juu ya nyumba yao, hawalipi mpaka wafe, halafu benki inajilipa kwa nyumba. Baba Salma kasikia mkopo, kasikia riba, kaondoka kwenda kutawadha. Haikuwa hata saa ya swala.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda benki mwenyewe, Porte de Namur, mtaa ambao nimefagia ofisi zake miaka na miaka. Mwanamke wa dirishani anasema mkopo wa namna hiyo hawana, wala hajui benki ya hapa inayoutoa. Kwenye intaneti kila ukurasa ni Kanada, Amerika, Ufaransa. Kuhusu Ubelgiji, nimekuta watu wanaotaka namba yangu ya simu kwanza. Nimeudhika. Nyumba yetu iko Anderlecht, hapahapa Brussels, si Kanada.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baba Salma amerudi kutoka msikitini na Yasini. Ni mtu wetu wa Buyenzi, mtaa wetu wa nyumbani, ndiye anayewasomea wazee karatasi za Kifaransa, kwa hiyo hakuna anayemuuliza mara mbili. Kaleta jibu: viager. Unauza nyumba, unaendelea kukaa ndani, mnunuzi anakupa fungu mwanzoni na kiasi kila mwezi mpaka ufe. Mnunuzi anaye tayari.

"Papa, hapa hakuna riba, ni vente tu, mauzo. Unasaini, c'est tout."

Baba Salma kang'aa uso. Nyumba iko kwa jina lake, na yote yataandikwa juu ya maisha yake. Nimewapa chai. Swali nimerudi nalo jikoni. Mpaka nani afe?

Jumamosi, 11 Oktoba
Siwezi kuuliza. Kwetu mke hamuulizi mumewe akifa itakuwaje. Ukiuliza, umemwombea kifo. Shangazi yangu hakuuliza, akatolewa nyumbani kabla ya arobaini ya mumewe kwisha. Baba Salma ananizidi miaka minane na moyo wake hauna nguvu. Nina hasira naye kwa jambo ambalo bado hajalifanya.

Jumanne, 14 Oktoba
Naogopa. Basi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Salma ameuliza huku na huku, kapata neno moja la maana: tusimsikilize mtu wa mnunuzi, twende kwa notaire wetu wenyewe, mwanasheria anayeandika mikataba ya nyumba. Kila upande unaweza kuwa na wake na gharama haiongezeki. Nimemwambia Baba Salma kwamba hapa mwenye nyumba anayejiheshimu ana notaire wake. Kakubali upesi. Anapenda heshima kuliko sukari.

Jumatatu, 20 Oktoba
Saint-Josse, kwa notaire. Mwanamke, sauti ya chini, haharakishi mtu. Kasoma pendekezo la Yasini mpaka mwisho. Kisha kasema sahihi yangu pia inatakiwa, maana nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi na mmoja bila mwenzake kukubali. Akanigeukia: nina swali?

Nilimtazama yeye tu. Nimeuliza kwa Kifaransa, kwa Kiswahili lisingetoka: mume wangu akifa, mimi nitalala wapi?

Hakuzungusha. Kwa karatasi hii, malipo yanakoma siku hiyo na mnunuzi anachukua nyumba. Inawezekana kuandika juu ya vichwa viwili, mpaka afe wa mwisho kati yetu. Lakini kiasi cha kila mwezi kitapungua.

Ndani ya metro Baba Salma hakunitazama hata mara moja.

Jumanne, 21 Oktoba
Kala, kaswali, kalala. Yasini kapiga simu, hakuipokea. Sijutii.

Alhamisi, 23 Oktoba
Asubuhi kampigia notaire mbele yangu. "Deux têtes," kasema, vichwa viwili, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyama buchani. Mnunuzi wa Yasini hataki hivyo. Atatafutwa mwingine, paa lingoje.

Kaweka simu mezani, kaipangusa kwa kanzu yake ingawa ilikuwa safi.

"Bon, Mama Salma. Na wewe ukitangulia, mimi nitakula nini?"

Kumbe naye anaogopa. Nimecheka, halafu nimelia kidogo. Mchana nimemsimamisha jikoni ajifunze kupika. Vitunguu kakata vipande vinene, maharage yakashika chini. Tumeyala yote.