Saruji Imekwenda Isoko

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, na nimerudi nyumbani na tope hadi magotini.

Niseme ukweli: mimi si mwepesi wa kumwamini mtu. Mwaka wa nne sasa nafundisha hapa Murungu, na kwetu Tanga wananiita mpelelezi. Nadhani ndiyo maana nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya maji. Waliotujengea mradi walikabidhi wakaondoka. Matengenezo ni juu yetu, kwa sarafu tunayolipa kwa kila ndoo bombani. Safari hii sarafu hizo zilinunua mifuko sita ya saruji, ya kuziba nyufa za ukuta wa chemchemi, kule mlimani.

Juzi nilikuta stoo tupu.

Fundi wetu ni mzee Nestori. Aliingia nchini mtoto, mkimbizi kutoka Burundi. Leo ni raia kama mimi. Simu yake haikupatikana, ila alikuwa ameniachia ujumbe: "Mwalimu, saruji yote nimepeleka isoko." Nikausoma mara tatu. Sokoni, tena ananiarifu kabisa. Hiyo "i" nikaona ni kidole kimeteleza. Nikakumbuka baiskeli yake mpya, nikakumbuka anavyokwepa macho yangu vikaoni. Nikamwambia mwenyekiti kwamba fundi ameuza saruji. Sikumsomea ujumbe, nilimpa tafsiri yangu.

Kufikia jana jioni habari zilikuwa zimefika bombani. Wanawake walichota bila kulipa. Wakiendelea hivyo hatutanunua hata koki, na tutarudi mtoni, kwenye maji yaliyokuwa yakituharishia watoto.

Leo asubuhi nikamsomea jirani yangu, Mama Odeta, ule ujumbe, nikitaka anisaidie kukasirika. Akacheka.

"Mwalimu, kwa Kirundi isoko ni pale maji yanapotokea. Na sokoni nako tunasema isoko."

Vyote viwili.

Basi bado ningeweza kuwa sahihi, na nakiri nilitamani iwe hivyo. Nikapanda mlima kwenye mvua, nikahesabu. Mifuko mitupu mitano. Nikasema moyoni, nimekupata mzee. Kisha nikauona wa sita, umefunikwa kwa koti lake la mvua. Turubai lilikuwa limekinga ukuta aliokuwa akiuziba, na yeye mwenyewe alikuwa nje yake, shati limemgandia mgongoni.

"Umekuja kuangalia kazi, Mwalimu?"

Nikajibu ndiyo.

Bado hajui. Kesho anashuka, na lazima apite bombani. Nitamtangulia, nisimame mbele ya zile ndoo, niwasomee ujumbe kama alivyouandika, kisha niseme aliyekosea ni mimi. Hilo nitaliweza.

Ila kuna swali ambalo hawataniuliza, nami nimeshindwa kulijibu tangu niliposhuka mlimani: ujumbe ule ungetoka kwa mtu wa Tanga, si ningemuuliza kwanza ana maana gani?